Mr. X Nilimjua kwa Kusikia

Gemu ya kutisha ya Resident Evil 2, ile ya mwaka 1998, ilitoka kwa CD mbili. Moja ya Leon Kennedy, polisi kijana anayeripoti kazini wakati mji mzima umeshageuka mazombi. Nyingine ya Claire Redfield, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kumtafuta kaka yake. Kwa mjomba, Morogoro, tulikuwa na ya Leon tu. Ilikuwa CD ya kuchoma, imetiwa kwenye kimfuko cha nailoni, jina limeandikwa juu kwa maka peni, na hakuna aliyetuambia kwamba ina mwenzake.

Hasara ya kukosa CD ya pili niliielewa baadaye sana. Gemu ile ilikuwa na hadithi za kupokezana: unamaliza na Leon, unahifadhi kwenye memori kadi, unatia CD ya Claire, kisha unaupitia usiku ule ule ukiwa upande wake. Na Mr. X, lile jitu la koti refu ambalo kila aliyecheza hulitaja kwanza, hatokei kwenye hadithi ya kwanza. Anakuja kwenye ya pili. Kwa hiyo sisi tuliimaliza gemu, tukairudia, tukakijua kile kituo cha polisi kona kwa kona, na hatukuwahi kumwona. Mtoto mmoja wa mtaa wa pili, ambaye kwao walikuwa na CD zote, alitusimulia kwamba kuna mtu mrefu anabomoa ukuta na kukufuata. Tulimcheka. Binamu yangu alimwambia aache fiksi.

Toleo lililotengenezwa upya lilitoka Januari 2019. Mimi nililipata baadaye, diski iliyokwisha kutumika, Kariakoo, pamoja na PS4 ambayo nayo ilishapita kwa mtu mwingine. Kuipakua kwa bando sikuthubutu hata kupiga hesabu. Nimejifunza mengi mle ndani, na sehemu kubwa nimefundishwa na mtu ambaye mpaka leo hajashika pedi.

Nianze na walichokiondoa. PlayStation ya zamani haikuwa na nguvu ya kujenga kituo kizima ukazunguka ndani yake, kwa hiyo kila chumba kilikuwa picha iliyochorwa tayari, na kamera imegandishwa mahali pamoja: juu ya kabati, mwisho wa korido, pembeni ya dari. Unamsikia zombi anaburuta miguu, humwoni, maana yuko upande ambao kamera haijaelekea. Leon naye aligeuka kama trekta; unasimama, unageuka, ndipo unakwenda. Halafu ile milango. Ukifungua mlango skrini inakuwa nyeusi tupu, mlango unajifungua taratibu, na wakati huo mashine inasoma chumba kinachofuata. Kwetu CD ilikuwa na mikwaruzo, basi mlango ulichukua muda mrefu zaidi, na hofu ikaongezeka bila Capcom, watengenezaji wake, kuwa na habari.

Mlango ule ulitutisha, lakini ulikuwa pia kinga yetu. Kilichokufukuza kwa kawaida hakikuvuka. Ukishaufunga, umepona. Na zombi akianguka, dimbwi la damu likatanda chini yake, basi amekufa, unapita juu yake bila wasiwasi. Tulikuwa tunasubiri lile dimbwi kama watu wanaosubiri matokeo.

Toleo jipya limefuta yote mawili. Kamera iko nyuma ya bega la Leon, unaizungusha utakavyo, na mwanzoni nilijiuliza mtu anayeweza kutazama kila upande ataogopa nini. Jibu lao ni giza. Korido nyingi za kituo hazina taa, na tochi ya Leon inaangaza kiduara cha mbele tu. Ukimulika kushoto, kulia hakuna kitu. Milango haina tena ile skrini nyeusi. Zombi anagonga, anasukuma, anaingia. Na akianguka humjui kama amekufa au amepumzika. Nimeshampita mtu aliyelala sakafuni kwenye ghorofa ya chini, nikaenda kuchukua ufunguo, nikarudi, hayupo. Ubaridi ule ulinishuka mgongoni mimi mtu mzima mwenye familia.

(Mtu asidhani ile ya 1998 ndiyo iliyokuwa ya asili isiyoguswa. Timu ya mwongozaji wake, Hideki Kamiya, ilishafika mbali na toleo jingine kabisa, lenye msichana mwendesha pikipiki aitwaye Elza Walker, wakaliona halifai, wakalitupa na kuanza upya. Wachezaji wanaliita 1.5. Gemu hii ilizaliwa kwa kurudiwa.)

Sasa hesabu, maana hapo ndipo gemu yenyewe ilipo. Leon anaanza na nafasi nane za kubebea vitu. Bastola inakula nafasi, risasi nafasi, kisu nafasi, majani ya dawa nafasi, na kila ufunguo nao unadai nafasi yake. Ukiokota mkoba mdogo wa kiunoni unaongezewa mbili. Vingine unaviacha kwenye sanduku, ambalo kwa uchawi usioelezwa na mtu vitu vyake unavikuta kwenye kila sanduku la gemu. Zombi mmoja, ukimlenga kichwani huku mkono unatetemeka, anaweza kula nusu ya magazini na bado akainuka. Ukisimama tuli, alama ya shabaha inajifunga na risasi inapiga vizuri zaidi. Lakini kusimama tuli mbele ya mtu anayekuja kukung'ata kunataka moyo. Kisu kinaisha makali na kuvunjika. Mbao za kuzibia madirisha zipo, ila madirisha ni mengi kuliko mbao.

Kwa hiyo swali la kila chumba ni kama huyu anastahili risasi zangu. Hapo nilianza kuigawa ramani. Korido ya magharibi ya ghorofa ya chini nitapita mara nyingi, maana ndiyo njia ya kwenda kwenye chumba cha kuhifadhia gemu na kwenye ngazi. Ile nikaiziba madirisha na kuisafisha. Upande wa mashariki nikapita mbio, nikawaacha wenyewe na nyumba yao. Kuna anayestahili kupigwa goti tu, abaki anatambaa. Ramani inakusaidia: chumba chenye kitu ambacho hujakichukua kina rangi nyekundu, ukimaliza kinageuka buluu. Nimeona watu wanalaumu kwamba hilo linarahisisha mno. Mimi naona linakutia tamaa. Ile nyekundu inakuita urudi mahali ambako akili inakwambia usirudi, kwa ajili ya pakiti ya baruti.

Kituo chenyewe ni kichekesho, tuseme ukweli. Polisi gani wanaoficha njia ya chini kwa chini ndani ya sanamu la mungu wa kike, inayofunguka kwa medali tatu, ya simba, ya farasi mwenye pembe na ya mwanamwali? Maelezo ni kwamba jengo lilikuwa makumbusho ya sanaa kabla halijapewa polisi. Tukiwa watoto hatukuuliza. Sasa nauliza na bado natafuta medali.

Lakini kuna meza moja ambayo haikuwa ya kuchekesha. Kwenye ofisi ya magharibi wenzake Leon walikuwa wamemwandalia mapokezi. Kumetundikwa maandishi ya kumkaribisha. Meza yake ina kufuli mbili za herufi, na karatasi iliyoachwa inamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: ajue majina ya wenzake, atumie herufi zao za mwanzo, atafungua. Basi unazunguka meza kwa meza, unasoma majina, huyu anaitwa hivi, yule hivi, unarudi unafungua. Ndani kuna magazini kubwa ya bastola. Nilifurahi kuipata, nikatoka nayo koridoni, na pale nje kulikuwa na maiti na mazombi wenye sare ya polisi. Huenda mmoja wao ndiye ambaye herufi yake nimetoka kuitumia. Marvin, yule mkubwa wao aliyejeruhiwa, anakaa ukumbini akikupa kisu chake na kukuonya usisite ukikutana na mmoja wao, sare isikuzuie. Baadaye Marvin mwenyewe anabadilika, na unakumbuka alichokwambia. Gemu ya zamani haikuyapa mambo haya nafasi kubwa hivi. Ilikuwa na picha nzuri na watu wachache wa kuongea.

Kuhusu Licker ilibidi nisahau niliyoyajua. Ni kile kiumbe kilichochunwa ngozi, ubongo nje, ulimi mrefu, kinatambaa darini. Nilijua zamani kinakutokea wapi, nikajiandaa pale, hakikuwepo. Sheria yake lakini ni nzuri na haikuhitaji kuelezwa mara mbili: haoni, anasikia. Ukitembea polepole, bila kukimbia, bila kufyatua, unapita chini yake huku mate yanadondoka karibu na bega lako. Pumzi unaibana wewe mwenyewe, kana kwamba naye anakusikia ulipo sebuleni.

Mr. X ana sheria nyingine. Huyu anakuona. Hakimbii, anatembea hatua kubwa, na hachoki. Ukimtwanga risasi za kutosha anapiga goti kidogo, anainuka, anaweka sawa mabega, anaendelea. Kofia yake unaweza kuidondosha kwa risasi; ni raha ndogo, haimzuii. Kwenye vyumba vya kuhifadhia vyenye ule muziki wa kutuliza haingii, lakini unamsikia anapita nje, na ukumbi mkubwa, ingawa una taipureta ya kuhifadhia gemu, yeye anauingia kama kwake. Sasa mchanganye na Licker. Licker anataka usikimbie, Mr. X anataka usisimame. Wakikutana kwenye korido moja, ulichojifunza kwa mmoja kinakuua kwa mwingine. Nadhani hapo ndipo watengenezaji walipoitendea haki ile gemu ya mwanzo: hawakuongeza mashetani, waliweka mawili yenye tabia zinazopingana kisha wakakuachia wewe jengo.

Nilipokutana naye uso kwa uso mara ya kwanza, alikuwa anainua helikopta. Kuna helikopta iliyoangukia jengo ghorofa ya pili, inaziba njia, unahangaika na maji mpaka unauzima moto. Unadhani kazi imekwisha. Halafu mkono mmoja unalishika lile bodi la helikopta, unalisogeza pembeni kama kiti, na mtu anapita. Nilicheka kwa sauti peke yangu usiku. Yule mtoto wa mtaa wa pili hakuwa na fiksi hata kidogo.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hapendi gemu, anasema ni kelele. Nilikuwa nimepunguza sauti ya runinga kwa sababu Naima amelala, na mimi sauti ndogo ile ikawa inaninyima kitu muhimu: hatua. Hatua za Mr. X ndizo taarifa yako. Ghorofa ya juu zinasikika tofauti na ghorofa uliyopo, mlango ukifunguliwa mbali unausikia, na ukizoea unajua amebakiza vyumba vingapi. Nilikuwa maktaba. Pale kuna makabati ya vitabu ya kusukuma, unayapanga yawe daraja ili upite juu kuelekea mnara wa saa. Unaweka jeki, unasukuma, Leon anajikaza, kabati linakwenda kwa mwendo wa kobe, na kila kabati linataka muda wake.

"Baba Naima, huyo mtu yuko juu."

Nikamwambia siyo juu, ni muziki.

"Ni viatu. Sikiliza. Sasa ameshuka."

Nikaacha kabati. Mlango ukafunguka upande niliokuwa nimeupa mgongo. Nikaanza kufyatua, na yeye amesimama na kanga mkononi anatazama.

"Si umpige kichwani?"

"Nampiga. Hafi."

"Hafi kabisa?"

"Anapiga goti, anainuka."

"Sasa kama hafi risasi unampotezea za nini? Mzungushe hapo kwenye makabati, toka mlango ule mwingine, arudi huko alikotoka."

Nikamzungusha. Nikatoka, nikashuka ngazi, nikaingia ukumbini, nikampeleka mbali, nikarudi maktaba kwa njia nyingine, nikasukuma kabati lililobaki. Kuanzia hapo Mama Naima ndiye masikio. Mimi naangalia mbele, yeye anasema kulia, juu, amesimama, anakuja. Ana faida moja ambayo sina: haangalii mazombi, kwa hiyo hayamchanganyi. Usiku mwingine aliniambia nisifungue mlango, nikauliza kwa nini, akasema anapumua nyuma yake. Nikapita njia ya mbali. Mpaka leo sijui nyuma ya mlango ule kulikuwa na nini, na sina haja ya kujua.

Nilichojifunza kwake ni kutokumchukia yule bwana. Mchezaji wa zamani ndani yangu alimwona Mr. X kama bosi, na bosi lazima apigwe. Yeye alimwona kama mtu mkorofi anayepita barazani: unasubiri apite. Ukimchukua hivyo, kituo kinabadilika. Unaacha kupigana na unaanza kupanga njia, na gemu hii imejengwa kwa ajili ya mtu anayepanga njia.

Hatimaye nikampata Claire. Anabeba bunduki ya mabomu madogo, anamlinda mtoto Sherry, na kuna sehemu fupi unamchezesha Sherry mwenyewe akijificha kwenye kituo cha yatima asionekane na mkuu wa polisi Irons. Katika toleo hili Irons anatisha kuliko zombi yeyote, kwa sababu anaongea. Hadithi ya Claire niliisubiri kwa miaka mingi, na ndiyo maana inaniuma kusema kwamba hapa toleo jipya limeteleza. Gemu ya 1998 hadithi zake mbili zilishikana. Kulikuwa na kabati la silaha lenye bunduki ya rashasha na mkoba wa ziada. Ukivichukua na Leon, Claire akifika anakuta patupu. Unamnyima mwenzako bila kujua utamhitaji. Hayo nimeyasoma na kuyaona kwa wengine, maana mimi nusu ile sikuwa nayo. Katika toleo jipya Leon na Claire wanafungua milango ile ile, wanatatua mafumbo yanayofanana, wanapigana na Birkin yule yule, mwanasayansi aliyegeuka dude, usiku ule ule, na hakuna anayemwachia mwingine kitu. Gemu inayohusu uhaba kiasi hiki ilikuwa na njia ya kufanya uhaba uvuke kutoka kwa mtu hadi mtu, wakaiacha. Sioni sababu.

Tukafika maabara ya chini, mwisho wa safari, nikafungua sanduku. Mama Naima akaona risasi za shotigani zimepangana, risasi za bastola kubwa hazijaguswa, majani ya dawa yamechanganywa tayari mafungu kwa mafungu.

"Hivi vyote ulikuwa navyo?"

"Navihifadhi kwa ajili ya baadaye."

"Baadaye gani? Si umesema hapa ndiyo mwisho?"

Nilimaliza na vingine vimo sandukuni. Nimeongea na wengine waliocheza, wengi ni hivyo hivyo: gemu inakutisha na njaa mpaka unalala njaa na chakula kiko kabatini. Siku hizi nikipata risasi za bastola kubwa natumia. Licker wawili kwenye chumba kidogo wanatosha kuwa sababu.

Sasa tunacheza ile hali ngumu. Kule taipureta haihifadhi bure; inataka utepe wa wino, kama gemu ya zamani, na tepe ni za kuhesabu. Gemu haikuhifadhii yenyewe njiani. Ukifa, unarudi ulipoandika mara ya mwisho, na kufa ni rahisi mno. Kwetu kuna adui wa ziada ambaye Capcom hawakumweka, nao ni umeme. Ukikatika wakati umeshapita maktaba na hujatumia utepe, umepoteza jioni nzima. Ukitumia utepe kila unapoogopa umeme, hutafika maabara. Tumebishana sana kuhusu hili. Mimi nataka kuhifadhi baada ya kila kazi kubwa. Mama Naima anataka kabla ya kazi kubwa, kwa sababu anasema baada ya kazi kubwa huwa nina furaha na nakimbia hovyo. Tumekubaliana utepe unatumika kabla ya maktaba, haijalishi nimeokota nini, na hatuanzi kabisa mpaka aende kwanza kuangalia Luku imebakiza uniti ngapi.